Mzee wa Ndani ya Karatasi

Wawira, mama yangu,

Zile salamu za kutumaini kwamba barua itakukuta ukiwa mzima sitaziandika. Mzima uko. Mchana nimekuona kwa macho yangu ukimaliza sahani mbili za mukimo huku ukisema huna hamu ya kula. Mimi pia niko sawa, isipokuwa goti, na hata hilo goti ni la uongo kidogo. Nimelitumia ili nisiende kwa shangazi yako kwenye maombi ya kukuaga. Akina mama wa kanisa wakianza kumwombea mtu anayepanda ndege, wanataja kila kitu kinachoweza kuanguka kutoka juu, na mimi tumbo langu halina nguvu. Kwa hivyo nyinyi mko huko mnaomba, na mimi niko jikoni na kalamu, na paka ananitazama kama aliyemfumania mwizi.

Mambo ya sweta, pasipoti, kupiga simu ukifika na kutochukua mzigo wa mtu usiyemjua, utaambiwa na shangazi mpaka masikio yachoke. Mimi nina jambo moja tu, na unalijua. Umeniuliza tangu mvua ilipoanza: "Baba, nikifika Ubelgiji nikitoe kitabu changu cha michoro kichapwe jinsi kilivyo, na sura yako na ya mama ndani yake, ama nisikitoe?" Ukasema nikikataa utakiweka chini ya kitanda, uanze kingine, na hutanuna. Utanuna. Bibi yako uliyerithi jina lake pia alikuwa akisema hanuni, na alikuwa anaweza kununa kuanzia mavuno hadi mavuno.

Mara ya kwanza nilikujibu kwamba nilipwe kwanza kama mwigizaji. Mara ya pili nikasema umenichora pua kubwa kuliko kichwa. Mara ya tatu nikajifanya nimesinzia kwenye kiti. Nikakusikia ukinifunika blanketi, nikaona aibu, lakini sikufungua macho kwa sababu blanketi lenyewe lilikuwa limekaa vizuri. Sasa kesho unaondoka na mzaha umeniishia.

Wacha nianze kwa kukuambia nimekisoma. Chote. Ukiwa shambani nilikuwa nakitoa chini ya zile nguo zako. Nitakusimulia ujue nimesoma, sikuangalia picha tu kama mtoto.

Kuna mzee mwenye pua kubwa, fundi wa kuchora maduka, katika kituo kinachofanana na Manyatta yetu hapa hata kwa matope. Anachora mkate kwenye ukuta wa duka, na mkate unatoka mzuri hivi kwamba watu wanaona ule wa ndani ni takataka. Anachora mwalimu kwenye ukuta wa shule. Mwalimu mwenyewe anaenda nyumbani kwake, na hakuna anayegundua. Anachora barabara, magari yanaifuata. Mwishowe kituo kizima ni rangi na hakuna anayekumbuka chini yake kulikuwa na nini. Mzee anashikwa na wasiwasi, anachukua msumari, anakwaruza ukuta akitafuta udongo. Anakuta rangi. Anakwaruza tena, anakuta rangi nyingine. Chini kabisa anakuta karatasi. Hapo ndipo anajitazama mikono, na anaona mistari ya kalamu.

Jioni ile uliponieleza maana yake ulikuwa umekaa kwenye kigoda, unamenya viazi.

"Baba, zamani picha ilikuwa inafuata kitu. Siku hizi kitu ndicho kinafuata picha."

"Kinafuata hadi wapi?"

"Mpaka huwezi kujua ni kipi kilitangulia. Unabaki na nakala ambayo haina asili."

"Kama cheti cha shule cha diwani wetu."

"Baba! Niko serious. Hii ni fikra kubwa, inaitwa baadausasa."

"Yaani sasa imeisha?"

"Kitu kama hicho."

"Na chai ya jioni tutainywa lini?"

Ukanirushia ganda la kiazi. Lakini nilikuwa nimekusikia, Wawira. Nilikusikia sana, ndiyo maana nikafanya mzaha.

Kwanza nikuambie kwamba hiyo sura ya mwalimu hukuibuni. Mimi nilifukuzwa shule kwa ajili ya hiyo sura. Nilikuwa darasa la saba, nikachukua kaa la moto lililopoa nikamchora mwalimu mkuu nyuma ya stoo, na fimbo yake, na lile jicho moja lililokuwa likichungulia upande wake lenyewe bila kushauriana na mwenzake. Ikatoka sawa kupita kiasi. Watoto wadogo wakipita pale walikuwa wanasimama wima na kuamkia ukuta. Kelele zikaisha upande ule wote. Alipopata habari aliniambia nimlete mzazi. Bibi yako akaja na kikapu cha ndizi kichwani, hakukitua hata, akatazama ukuta kwa muda, akamwambia, "Lakini huyu ni wewe kabisa. Sasa kosa la mtoto ni nini, kuwa na macho?"

Sikurudi darasani tena. Lakini sikiza hii: ile picha mwalimu hakuifuta. Aliiacha. Ikawa akitaka kwenda Embu mjini kunywa chai, anaenda, na shule inabaki kimya chini ya lile jicho. Mimi nilifukuzwa, mchoro wangu ukaajiriwa.

Nilikuwa na hasira miaka mingi juu ya jambo hilo. Nilidhani nimenyimwa elimu. Siku hizi nafikiri niliyonyimwa ni hesabu tu. Elimu yenyewe alinipa siku ile aliposhindwa kufuta.

Nikawa fundi wa rangi. Nilipanda na ngazi yangu kuanzia Manyatta mpaka Muthara huko Tigania kwa Wameru, nachora vinyozi, ng'ombe wa maziwa, sabuni yenye povu, pancha za baiskeli. Muthara kulikuwa na mzee mfupi mwenye hoteli. Ndani alikuwa na chai, maharagwe na chapati, basi. Akaniambia nimchoree kuku wa kuchoma, mzima, amelala kwenye sahani miguu juu, na mvuke.

"Una kuku, mzee?"

"Wewe ni fundi wa rangi ama ni mtu wa afya? Chora."

Nikachora. Kuku akatoka hivi kwamba mbwa wa pale sokoni walikuwa wanalala chini yake. Nilipokuwa nasafisha brashi akatoka msichana mwenye aproni, mrefu, amebeba sinia kama mtu anayetaka kulitumia kichwani mwa mwingine.

"Ni wewe umechora huyu kuku?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Vizuri. Kaa pale mezani. Leo kila anayeagiza kuku, ni wewe utamweleza alienda wapi."

Huyo ndiye mama yako, Karimi. Nikakaa. Mteja wa kwanza akaagiza, nikamwambia hatuna, akatoka. Wa pili hivyo hivyo. Karimi akaja akaniinamia sikioni, akanukia vitunguu, akaniambia, "Mjinga wewe. Usiseme hatuna. Sema ameisha. Ukisema hatuna, wanaenda kwingine. Ukisema ameisha, wanajua alikuwepo. Watakunywa chai wakimngoja."

Basi kuku akaisha. Akaisha wiki hiyo, akaisha mwaka huo, akaendelea kuisha. Mimi nikawa napanda Muthara kila mwezi eti rangi ya paja imefifia. Yule mzee akaniuliza kama kuku wangu ana ugonjwa, mbona anahitaji daktari kila mara. Ukiona kwamba tuliongea Kiswahili nyumbani, ni kwa sababu hiyo: yeye Kimeru chake, mimi Kiembu changu, na tulianzia kwa lugha ya kudanganya wateja.

Sasa ngoja. Tulikuwa tumeoana, wewe umezaliwa, tukaenda kusalimu kwao. Tukashuka stendi, utingo anaita, "Kwa Kuku! Wa Kwa Kuku washuke!" Stendi ilikuwa imepata jina. Tukaingia ile hoteli tunywe chai. Meza ya pili ameketi mzee mmoja na wajukuu wake, anawaambia, "Hapa zamani kulikuwa na kuku nyinyi hamjui. Mafuta yalikuwa yanashuka mpaka kwenye kiwiko." Na anaonyesha kiwiko. Mama yako akapaliwa na chai ikatokea puani. Baadaye mtoto wa mwenye hoteli aliona aibu akaanza kuuza kuku kweli. Unajua watu walisema nini? Ati si kama wale wa zamani.

Tulicheka njia nzima mpaka nyumbani, na wewe mgongoni ukacheka bila kujua ni nini. Hapo ndipo nilijua ndoa ni nini. Watu wanasema ni mambo mengi. Mimi nakuambia ni kuwa na mtu mmoja duniani anayejua pamoja nawe kwamba kuku hakuwepo.

Nimekuhadithia kuku mara nyingi, najua. Kitu ambacho sijakuhadithia ni cha Kiambere, kwa sababu kinaniaibisha.

Kule chini Mbeere, karibu na bwawa, kuna nyanya mmoja alinitafuta. Nyumba yake ilikuwa na ukuta mmoja usio na dirisha, upande wa kitandani. Akataka nimchoree dirisha, ndani, lililofunguliwa, na nje yake mahindi mabichi marefu. Huko kwenyewe ni vumbi na ndengu, mahindi yakifika gotini watu wanamshukuru Mungu. Nikachora. Nilipanga mahindi mpaka mbali, nikaweka na ukungu wa huku kwetu. Akanilipa kwa debe la ndengu. Kesho yake nikarudi kuchukua ngazi niliyokuwa nimesahau, nikakuta ametundika pazia juu ya dirisha langu, la maua, na amelifunga.

"Mbona umefunga, nyanya?"

"Jua la saa saba. Linaniingilia."

Nilicheka mpaka sokoni. Nikawaambia watu wote, fundi wa pikipiki, wauza mkaa, kila mtu: kuna mama anafunga dirisha la rangi. Nilikuwa nasimulia mara ya tano hivi nikageuka, kumbe yuko nyuma yangu na mtungi wake. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema, "Kijana, unafikiri sijui ni rangi? Si ni mimi niliyekuambia uchore? Wewe umechora, umeenda. Anayekaa nayo ni mimi."

Nilimpelekea mama yako hadithi hiyo kama zawadi, nikingoja acheke. Hakucheka. Aliniuliza pazia lilikuwa la maua gani.

Sasa hapo kwenye kitabu chako, watu wako wote wamedanganywa. Wanaona mkate wa ukutani na wanaamini. Mimi nimeishi na watu na kuta muda mrefu, mama, na nimekutana na waliodanganywa wachache sana. Wengi wanajua. Yule mzee wa mafuta ya kiwiko, nina hakika hata yeye moyoni alijua. Alikuwa anataka tu wajukuu wawe wamepitwa na kitu. Ukipata nafasi, mweke mmoja kama huyo, pale nyuma kwenye umati. Si lazima aongee. Asiwe na lile povu la maneno juu ya kichwa. Atazame tu mkate wa ukutani kama mtu anayejua.

Na hiyo ya nakala bila asili, niliitafakari nikikamua ng'ombe, na nikaona ni lazima Wazungu wako waje wakae hapa wiki moja. Kwetu Embu binti wa kwanza hachaguliwi jina, anakuja nalo. Ulipozaliwa, bibi yako ndiye aliyerudi. Mama yako alikuwa akikubadilisha nepi nasikia, "Mama mkwe, umeninyea tena, sasa nikushtaki kwa nani?" Ukikataa uji, "Mama mkwe, bado unasema siwezi kupika?" Na siku ulipochora ukuta wote wa sebuleni na mkaa, nikachukua kiboko, akaketi, akafunga mikono. "Haya, Baba Wawira. Mpige mama yako, mimi niko hapa natazama." Nitampiga vipi mama yangu? Nikarudisha kiboko. Ndiyo maana ulikua bila adabu na sasa unakwenda Ulaya.

Kwa hivyo wewe ni nakala. Na bibi yako alikuwa nakala ya mwingine ambaye simjui, na huyo pia. Ukirudi nyuma huko hutamkuta wa kwanza, utakuta foleni ya Wawira mpaka mlimani. Lakini wewe ukiingia mlangoni na hizo kelele zako, hakuna mtu hapa amewahi kukaa akajiuliza yuko wapi wa kweli. Wa kweli ni huyu anayemaliza sukari.

Sasa nije mahali ambapo nimekuwa nikizunguka.

Uliniambia kwamba katika hizi riwaya za picha, ule weupe ulioko kati ya kisanduku cha mchoro na kisanduku kingine si bure. Ukasema humo ndimo mambo hutokea, na msomaji ndiye anayeyajaza. Nikasema nakwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa salama, Wawira. Alinishangaa.

Mimi nina visanduku vyangu viwili. Kisanduku cha kwanza: mama yako ameketi kwenye kitanda cha hospitali, ananiambia uji wao umepikwa na mtu asiyependa watu, nimtafutie chai. Kisanduku cha pili: nimesimama mlangoni na chupa ya chai, na muuguzi anakunja shuka. Katikati ni weupe. Ni mimi msomaji na sijaweza kuujaza. Nilisimama kwenye foleni ya chai na mtu mmoja akanitania kuhusu kofia yangu, nikamjibu, tukacheka. Hilo ndilo nililo nalo.

Halafu ikaja picha ya mazishi. Wewe ulikuwa unalia na shangazi zako, mimi nikatumwa mjini na picha ya simu yako kwa vijana wa kompyuta. Wakanionyesha. Walikuwa wamemweka mbele ya maporomoko ya maji ambayo hajawahi kuyaona, wamemng'arisha uso, na lile kovu lake la kwenye nyusi, alilopigwa na tawi akiwa mtoto akimwita kaka yake ashuke kutoka kwenye mti wa miraa, wamelifuta. Kijana akaniuliza, "Mzee, iko poa?" Nikasema iko poa. Nilikuwa nimechoka. Na kusema kweli alikuwa mzuri pale, kama mtu anayekwenda harusini. Ikachapwa kwenye vitabu vya ibada, ikawekwa kwenye kila sebule kuanzia hapa hadi Muthara, na kubwa iko hapa juu ya televisheni.

Ulipomchora mama, ulimchora kutoka kwa hiyo. Sikulaumu, ndiyo iliyokuwa karibu. Nilipofika ukurasa ule anatoka jikoni anapangusa mikono kwa leso, umepata mabega yake, umepata ule mwendo wake wa mtu anayekuja kugombana lakini atacheka. Nilikaa nao muda. Kisha nikasema, ah, amesahau kovu. Nikachukua penseli niliweke mwenyewe, polepole, usijue.

Wawira, sikujua ni nyusi gani.

Nilifunga macho. Nikimwaza amesimama mbele yangu, kidole changu kinakwenda upande huu. Nikimwaza amelala kando yangu, kinakwenda ule. Nikampigia dada yake Muthara, nikajifanya ni mazungumzo tu. Akasema kushoto, bila kufikiri. Nikamwuliza jirani, Mama Njeru, akasema kulia, na akaapa. Zile picha mbili za zamani, moja amejifunga kitambaa mpaka kwenye macho, nyingine ni hiyo ya simu yako, na ni wewe uliyeniambia simu hiyo inageuza watu, kushoto kuwa kulia. Kitambulisho chake tulikirudisha serikalini siku ya kibali cha mazishi. Nikatazama ukutani. Pale juu ya televisheni ananiangalia yule wa maporomoko, hana kovu wala hakuwahi kuwa nalo, na nikaona kwamba miaka hii yote nimekuwa nikimwambia usiku mwema yeye.

Kwa hivyo ile fikra yako kubwa usidhani sikuielewa. Ilikuwa imelala nyumbani mwangu kabla hujaileta.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza nilikuwa sijibu. Na jibu langu kwa hiyo ni hili: mweke kovu. Usilisake, hutalipata. Una kurasa nyingi na anatokea mara nyingi. Ukurasa huu liwe kushoto, ule liwe kulia, jinsi mkono wako utakavyotaka siku hiyo. Wasomaji watasema umekosea. Waambie mume wake pia hakujua.

Sababu ya pili ni ukurasa wa mwisho, na hapa sitacheka.

Mzee wako amejua kwamba yeye ni kalamu na karatasi. Anasimama kwenye kona ya kisanduku, anainua mguu, anauvusha mstari. Anatoka. Karatasi yote iliyobaki ni nyeupe na yeye anatembea juu yake, mdogo, anazidi kuwa mdogo. Uliniambia huo ndio uhuru, kwamba ameikataa picha, anakwenda kutafuta kilicho kweli. Ni mchoro mzuri. Fundi ndani yangu alisimama akakuvulia kofia.

Lakini nyuma yake, kwenye kile kisanduku alichokiacha, mlango wa jikoni uko wazi. Na mama yako ametoa kichwa, anamwita. Povu la maneno yake limekatwa na ukingo, limebaki nusu: "Baba Wawira, chakula ki..." Na yule mpumbavu anaenda tu.

Niliweka kitabu chini nikatoka nje. Nilikasirika na mtu wa wino mpaka nikapiga ndoo teke. Ile ndoo iliyopasuka, niliyokuambia ni ng'ombe, ni mimi.

Mama, mimi niko huku anakokwenda. Nimekuwepo huku tangu siku ile ya chupa ya chai. Hakuna kitu huku anachokifuata. Kuna goti, kuna redio, kuna paka, kuna wewe, na wewe kesho unapanda ndege. Hewa ni ya kweli, sikatai, na baridi ni ya kweli. Lakini hakuna mtu huku anayetoa kichwa mlangoni akaniambia chakula kinapoa.

Kwa hivyo kichapishe. Nimesema. Peleka sura yangu na pua yake, peleka mama yako, waonyeshe hao watu wazima wa Ubelgiji wasomao katuni bila haya, na wakikuuliza ni nani hawa, waambie unavyotaka. Sikuwekei sharti. Kitabu ni chako na ukiuacha ukurasa huo jinsi ulivyo nitakinunua hivyo hivyo na kuwaonyesha watu wa Manyatta.

Nakuomba tu, kama mtu anayemwomba mama yake. Mwache yule mzee ajue kila kitu. Ajue ni wino. Akwaruze mpaka chini, aone karatasi, aone hata mkono wako ukija na kalamu. Afike kwenye mstari, atazame huku nje vizuri, anione. Halafu ageuke, anawe mikono, aingie ale na mama yako kabla chakula hakijapoa.

Nasikia mbwa wanabweka, maombi yameisha. Goti linaanza kuuma upya.

Ni mimi baba yako,
yule wa huku nje.